Ukurasa Unaogeuzwa Kaburini

Nyinyi mnaosoma Kurani na Biblia kwenye simu, msinikimbie, sikuja kuwagombeza. Hata mimi ninayo simu, na wajukuu zangu wamenitilia msahafu mzima humo ndani, pamoja na msomaji mwenye sauti ya kunitoa machozi. Nataka kuwaeleza jambo moja tu nililojifunza katika miaka yangu ya kujalidi vitabu hapa Voi. Jambo lenyewe lilinikasirisha kwanza, kisha likanishika mpaka leo. Mkishalielewa, someni popote mpendapo, hata ukutani.

Kujalidi, kwa asiyejua, ni hivi. Kitabu kimechakaa, kurasa zinamwagika, mwenyewe anakuletea amekifunga kwa uzi wa gunia. Unakifumua mpaka kibaki mafungu mafungu, unasafisha, unashona upya, unakitia mgongo na jalada, kinarudi kwao kimesimama. Chumba changu cha kazi kilikuwa mtaa wa Kaloleni, nyuma ya nyumba yetu. Nilikuwa na shinikizo la mbao, sindano, nta ya kupaka uzi, na sufuria moja ya gundi ambayo hakuna aliyethubutu kuipikia chai. Nilijalidi misahafu na juzuu za vyuo vya Kurani, na nilijalidi Biblia na vitabu vya nyimbo kutoka milima ya Taita, na vingine vilitoka mbali, hata Njukini huko. Wakristo walikuwa hawaniulizi dini yangu. Waliuliza kitabu kitakuwa tayari lini.

Aliyenifundisha ni ami yangu, Ami Badi, ndugu ya baba, mtu mfupi mwenye maneno marefu. Gundi alinifundisha ya unga wa ngano, moto mdogo, unakoroga bila kuondoa mkono, halafu unatia mrututu kidogo, ile dawa ya buluu, ili mende wasile. "Mende wa Voi wacha Mungu sana," alikuwa akisema. "Hawaachi juzuu hata moja bila kuipitia." Ukizidisha mrututu karatasi inageuka rangi. Ukipunguza, mwakani unaletewa jalada bila kitabu. Kipimo hakuna, mkono wako ndio kipimo, na mkono haufundishwi kwa siku moja.

Juzuu yangu ya kwanza niliishona vizuri sana, nikaitia jalada la kijani, nikampelekea kwa maringo. Aliiweka juu ya marufaa, kile kibao cha kusomea, akaniambia niketi nisome. Nikaifungua kutoka kulia kama ilivyo desturi yetu, nikakuta ukurasa wa mwisho, tena kichwa chini. Nilikuwa nimeijalidi kama kitabu cha Kiingereza. Watoto wa chuo walicheka mpaka maalim akatoka kuangalia kuna nini. Ami Badi hakucheka. Alisema, "Mwanangu, msomaji anashika maneno. Wewe unashika karatasi. Ukiiharibu karatasi, usije ukaniambia maneno ni mazima." Nilidhani ni maneno ya kunikemea tu.

Kuna jambo mafundi wanaume hawakuwa nalo. Mwanamke akiwa katika siku zake hashiki msahafu. Mke wa ami alinivuta kando akaniambia siku hizo nifanye vitabu vya kanisani. Basi Biblia za Taita nzima zilishonwa kwa kalenda yangu, na wachungaji hawakupata kujua kwa nini huyu kapata chake upesi na yule kaambiwa asubiri.

Kisha zikaja kanda. Jirani yangu mmoja alinunuliwa na mwanawe Kurani nzima katika kanda za redio, akaja kuniuliza kama anahitaji udhu kabla ya kuzishika. Tukaenda kwa maalim. Maalim akasema kanda ni plastiki tu, mama, hapana haja. Jirani akaitikia vizuri, akarudi nyumbani, akazifunga kanda zake kwa kitambaa cheupe na kuziweka juu ya kabati, mahali pa msahafu, na hakuzigusa bila udhu mpaka alipofariki. Nilimcheka siku zile. Nilikuwa bado sijakutana na Mama Mnjala.

Sasa nifike ninapokwenda. Katikati ya miaka ya tisini, kijana mmoja wa Kidawida aitwaye Mwadime alifungua chumba cha kompyuta karibu na stesheni. Alikuwa mtu wa adabu, mcheshi, na alipenda kazi yake. Baada ya muda si mrefu akaja kwangu pamoja na padri wa kanisa moja la milimani, juu kule kwenye baridi. Padri alikuwa kijana pia, mpole, ametoka chuo cha upadri si zamani. Walileta kitabu cha sala na nyimbo cha Kidawida, lugha ya Wataita, kimechakaa kupita kiasi. Kilikuwa hakichapwi tena, na nakala zilizobaki kanisani zilikuwa za kuhesabika. Padri alisema wakubwa wake walitaka kanisa lihamie kitabu cha Kiswahili moja kwa moja, lakini yeye aliona huruma kwa wazee. Mpango ulikuwa Mwadime akipige chote kwenye kompyuta, atoe nakala, nami nizijalidi.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Mama Mnjala, mkubwa wa akina mama wa kanisa lile. Kwao ilikuwa desturi mtu akizikwa, padri anafanya yake, halafu sala ya mwisho kaburini inasomwa na mkubwa wa akina mama. Mnjala alikuwa ameisoma miaka mingi, na kabla yake aliisoma mama yake, kwa kitabu hicho hicho.

Nilikifumua ili Mwadime apate kupiga kurasa zake, maana zilikuwa zimelika kupita kushonwa tena. Kitabu kinasema kimetumikaje, ukijua kukitazama. Ukurasa mmoja wa kulia ulikuwa umelika pembeni chini, mweusi wa vidole, na ndani ya mkunjo wake mlijaa mchanga mwekundu. Nikanung'unika kwamba watu wa milimani hawajui kutunza vitabu. Nikachukua brashi, nikaufagia mchanga wote nje ya dirisha.

Mwadime alifanya kazi ya kupendeza. Tulilinganisha maneno yeye na mimi na padri, mstari kwa mstari, mimi nikisoma Kidawida bila kukielewa, wao wakinicheka matamshi. Hapakukosekana hata herufi. Herufi za kompyuta zilikuwa ndogo na safi, kwa hiyo kitabu kilipungua unene. Sala ile ya kaburini, ambayo zamani ilianzia ukurasa wa kulia na kumalizikia nyuma yake, sasa ilienea yote kwenye ukurasa mmoja. Padri alifurahi. Alisema ni rahisi kusoma, wala mtu hahangaiki kugeuza huku upepo unampiga. Nikavitia majalada meusi, nikavishinikiza, nikavituma. Nilijisifu, siwafichi.

Baada ya wiki kadhaa Mama Mnjala akateremka Voi mwenyewe. Alikuwa mrefu, mkavu, kitambaa kichwani, kitabu changu kipya kwapani. Nikampa kiti na maji. Alikunywa maji kwanza, akashukuru, ndipo akaniwekea kitabu magotini.

"Mama, hii kitabu umeshona mzuri," akasema. "Lakini tumeshindwa kuzika nayo."

Nikaruka. "Kumekosekana neno gani? Tulisoma kitabu kizima watu watatu."

"Maneno iko yote. Kugeuza ndio hakuna."

Nilimwangalia nikidhani hatuelewani kwa ajili ya lugha. Akafungua ile sala ya kaburini, akanionyesha kwa kidole. Katika kitabu cha zamani, alisema, ukurasa wa mbele ulikuwa wa kumtaja marehemu na kumshukuru Mungu kwa maisha yake. Ukurasa wa nyuma ulikuwa wa kumwachilia. Msomaji akifika chini ya ule wa kwanza, ananyamaza ili ageuze. Hapo hapo, wakati ukurasa unageuka, kila aliyesimama pale kaburini anamwambia marehemu neno lake la mwisho, moyoni, kisha anamwaga konzi yake ya mchanga. Halafu msomaji anaendelea. Hakuna aliyeagiza hivyo, wala hapakuandikwa popote. Ndivyo walivyozikana tangu kitabu kilipofika kule.

"Sasa tumezika kijana ya Wakesho," akasema. "Mtoto wa pekee. Alikuwa anafanya kazi Mombasa, akaletwa mgonjwa, akaisha mikononi mwa mama yake. Mimi nimesoma, nimesoma, nikaona Amina. Nikainua macho. Watu wote wamesimama na mchanga mkononi. Hakuna mtu alijua amwage saa gani. Padri akaona, akasema, 'Mwageni sasa.' Wakamwaga kama watu wa kutumwa."

"Na Wakesho?"

"Wakesho hakumwaga. Alisema hajamwambia mtoto wake neno lake. Alifunga ule mchanga kwa pindo la leso, akaenda nayo nyumbani. Mpaka leo iko nayo. Halali kitandani, hapiki. Anasema mtoto hajazikwa."

Niliona haya, na haya yakinishika huwa nageuka mkali. Nikamwambia Mama Mnjala kwamba si kosa la kitabu, wamwombe padri awafundishe desturi nyingine. Hakubishana nami. Alisema tu, "Mama, wewe ndiye ulifungua hiyo kitabu. Hukuona mchanga?"

Nilikuwa nimeuona. Nilikuwa nimeufagia.

Siku ile sikushona kitu. Nilichukua msahafu wangu nikasoma, na macho yangu yakawa hayaendi kwenye maneno, yanakwenda kwenye zile alama ndogo zilizo juu ya mistari. Mliosoma chuoni mnazijua. Hapa simama. Hapa waweza kusimama, lakini kuendelea ni bora. Hapa usisimame kabisa. Tangu utotoni nilipigwa kwa ajili ya kuvuta pumzi pasipotakiwa, na sikuwahi kuona ajabu kwamba hata kimya chetu kimeandikwa. Wale wa milimani hawakuandikiwa. Walikuwa na ukingo wa karatasi tu, wakafanya hapo ndipo pao pa kusimama. Nami nikaukata.

Nikaamua kitabu kile kitarudiwa. Sikuwa na haja ya kuombwa mara mbili.

Padri hakukubali mara moja, na sikumlaumu. Alinijia Kaloleni, akaketi kwenye kiti kile kile cha Mnjala. "Bi Zuhura," akasema, "sala ni maneno. Yule aliyechapa kitabu cha kwanza aliishiwa na nafasi, basi. Angekuwa na karatasi kubwa kidogo, hii desturi isingekuwako. Nikianza kuwaambia waumini wangu kwamba kugeuza karatasi ni ibada, nitafika wapi?"

"Ni kweli, aliishiwa na nafasi," nikamjibu. "Lakini watu wakakaa ndani ya ile nafasi miaka yote hiyo. Nyumba ikishazaliwa watoto ndani yake, padri, huwezi kuja kusema fundi alikosea kipimo cha mlango."

Akacheka kidogo. Nikamweleza habari ya alama zetu za kusimama, nikamfungulia msahafu akaziona kwa mbali. Kisha akauliza kama inawezekana.

Mimi nilidhani inawezekana kwa urahisi. Mwadime ndiye aliyenifundisha nini maana ya kompyuta. "Bi Zuhura, hii kitu inajipanga yenyewe," akaniambia. "Haijui ukurasa. Inajua tu maneno yanafuatana. Ukiongeza mstari hapa, yote ya mbele inashuka. Ukipunguza, yote inapanda." Alinionyesha kwenye kioo. Aligusa mahali pamoja na kitabu kizima kikateleza kama uji. Nilishika ukingo wa meza. Kitabu nilichokijua mimi kilikuwa na mifupa. Hiki hakikuwa na mfupa hata mmoja.

Lakini ilikuwamo njia ya kuilazimisha ikate ukurasa pale unapotaka, na Mwadime aliijua. Akakata. Stima ikapotea kabla hajahifadhi, akaanza upya. Akaikata tena, akachapa, akaniletea kwa furaha. Nikazikunja karatasi, nikazipanga mafungu yake, nikatazama, nikamrudishia.

"Umekata mahali penyewe," nikamwambia, "lakini umeanzisha sala upande wa kushoto. Nusu ya kwanza itaishia kushoto na ya pili itaendelea kulia. Msomaji atahamisha macho tu. Hatageuza kitu."

Alikaa chini kwenye kizingiti cha mlango wangu. "Kumbe kuna kushoto na kulia?"

Ndipo nikaelewa kwamba kwenye kioo chake kurasa zinafuatana moja chini ya nyingine, hazina mgongo wala ubavu, naye angejuaje? Na mimi ningejuaje habari ya maneno yanayoteleza? Tukafanya kazi pamoja, yeye akiwa na diski yake, mimi na mafungu yangu ya karatasi, kila kitu kikipimwa mara mbili. Dawa ilikuwa kuingiza ukurasa mmoja mtupu kabla ya sala, ili yenyewe ianzie kulia. Padri akasema watu wataona ukurasa mtupu watadhani kumekosekana kitu. Nikamwambia waache wadhani. Nikaagiza vile vya kwanza virudishwe vyote, nikavifumua kimoja kimoja. Vidole vyangu vilitoka malengelenge, mume wangu akauliza kama nimeajiriwa na kanisa. Nikamjibu nimeajiriwa na mama mmoja asiyelala kitandani.

Vilipokwisha, Mama Mnjala alituma neno kwamba watarudia sala kaburini, nyumbani kwa Wakesho, na kwamba nifike. Hapo sasa mume wangu akakaa sawasawa. Wanawake wetu hawaendi makaburini, mnajua. Mimi nilikuwa nimeshona sala za maziko miaka na miaka na sijapata kusimama mbele ya kaburi. "Zuhura, unakwenda kufanya nini huko?" akaniuliza. Nikamwambia nakwenda kukagua kazi. Alijua sisemi yote, akaniachia.

Vijana wangu, kabla sijamaliza, nisikilizeni. Kwenye simu zenu maneno hayana mwisho wa ukurasa. Mnasukuma kwa kidole gumba na yanaendelea kuja, na ni mazuri yote, na ni kweli yote. Mimi sisemi mrudi kwenye karatasi. Nasema mjiulize mtasimama wapi. Msipopaweka wenyewe mahali pa kusimama, simu haitawawekea. Chagueni, mkubaliane na wenzenu, mpashike kwa nguvu.

Kaburi lilikuwa pembeni ya migomba, nyuma ya nyumba. Watu hawakuwa wengi. Mimi nilisimama mbali kidogo, mtandio wangu nimeubana kidevuni kwa ajili ya baridi. Wakesho alitolewa ndani akishikwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na lile pindo la leso lilikuwa bado limefungwa fundo, amelishika kifuani.

Mnjala akafungua kitabu, akaanza. Sikuelewa maneno lakini nilijua yuko mstari gani, kwa kuwa niliuzoea ukurasa ule kuliko uso wangu. Akashuka, akashuka, akafika chini. Akanyamaza. Akalowesha kidole, akainua pembe ya karatasi.

Nilitazamia ageuze. Hakugeuza. Aliusimamisha ukurasa wima kati ya vidole viwili, akamtazama Wakesho.

Midomo ya Wakesho ilikuwa ikicheza. Mwanzoni polepole, kisha upesi, kama mtu mwenye mengi na anaogopa kukatizwa. Hakuna aliyemkatiza. Hakuna aliyekohoa. Mibuni na migomba ilitulia, padri ameinamisha kichwa, na karatasi ile imesimama wima, mkono wa mwanamke mzee ukiishikilia isianguke. Sijui ilikuwa muda gani. Mimi mwenyewe machozi yalikuwa yakinitoka bila kujificha.

Kisha Wakesho akafungua fundo. Mchanga ulikuwa umekauka ukawa vumbi, akaukung'uta wote juu ya mwanawe, mpaka wa kwenye nyuzi za leso. Akasema, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Nimemaliza, mama. Endelea."

Mnjala akaulaza ukurasa, akasoma.